Mkweo Sasa Ni Diwani

Dutwa, Bariadi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua hizi za vuli? Na mtoto wa kaka, surua imemwisha? Barua yako ilinifikia kupitia sanduku la parokia. Sisi hatujambo. Watoto wamenenepa kwa maziwa, na Sayi nikimgombeza ananijibu kwa Kisukuma ili nisijue anachosema.

Sasa kaa chini. Mkweo ameshinda. Limbu wangu, yule uliyesema siku ya posa kwamba kwa urefu ule itabidi mlango ubomolewe ndipo aingie, sasa ni diwani.

Najua hukuamini, nami sikuamini. Shirika alilochezea Dar lilipobinafsishwa, timu yao ya kikapu ikavunjwa na tukahamia huku kwao, uliniambia wazi kuwa nimeolewa na mchezaji, siyo mkulima wa pamba, nirudi nyumbani Muheza. Mimi na yeye tukakubaliana: akishindwa uchaguzi, tunahama Dutwa moja kwa moja. Kwa hiyo kura zile, Mama, zilikuwa za nyumba yangu.

Alianza vibaya. Alidhani jina litamtangulia, kwa kuwa alicheza kwa malipo hadi Misri na picha yake ikatoka gazetini. Mkutano wa kwanza akasimamisha goli la kikapu kwenye uwanja wa mnada, akakodi kipaza sauti na kanda za muziki, akavaa suti. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, hakuna kiumbe ila mbuzi. Mwishowe akapita mzee mmoja na jembe begani. Hakusalimia. Alisema tu, "Mke wa Ng'wandu amefariki. Watu wote wako kuchimba kaburi, na wewe unapiga muziki." Akaenda hatua chache, kisha akageuka. "Miaka kumi na tano uko mjini. Umetuzikia nani?"

Hakuna aliyekuja kutuambia msiba, kwa sababu hakuna aliyetuhesabu. Huku mtu husamehewa uvivu na hata ulevi, lakini asiyefika msibani si mwenzao. Nami nisikufiche, moyoni nilifurahi kidogo, nikaona safari ya Muheza hiyo imeiva.

Limbu akavua koti, akaazima jembe, akaenda. Nikamfuata. Wachimbaji walimpisha, akaingia shimoni na suruali yake ya suti. Huku kina cha kaburi hupimwa kwa kifua cha aliye ndani. Basi akachimba, akachimba, na shimo bado linamfika kiunoni. Mzee yule wa jembe akachungulia, akasema, "Ng'wanangu, toka. Tukikupima wewe tutafika kwenye maji." Watu wakacheka, Mama, palepale, na mfiwa mwenyewe akacheka huku anajifuta machozi.

Tangu siku hiyo kipaza sauti kilirudi kwa mwenyewe. Limbu alipanda baiskeli, magoti yakigonga usukani, akazunguka nyumba kwa nyumba akitoa pole kwa kila aliyefiwa tangu yeye aondoke. Nilimwonya kuwa atatonesha vidonda vilivyopona. Nilikosea. Walimtolea kigoda, wakamsimulia marehemu alivyougua na maneno aliyoacha, na wengine walisema hakuna aliyewauliza habari hizo kwa miaka. Kura hakuomba. Jioni nilimkanda magoti kwa maji ya moto, maana yamechakaa kwa kuruka, na asubuhi anaondoka tena. Mshindani wake, tajiri mmoja wa hawa wanunuzi wapya wa pamba, alikuwa akigawa kofia. Watu walizivaa vizuri sana, wakaenda nazo kumpigia Limbu kura.

Matokeo yalipobandikwa nililia mbele za watu. Dar nilishamwona akibebwa juujuu na mashabiki, lakini sifa zile zilikuwa zake peke yake. Hizi ni zetu. Najivuna, Mama, na sioni haya kusema.

Siku chache baadaye, asubuhi, wakaja wanawake watatu mlangoni. Nikadhani wamekuja kumpongeza diwani, nikaanza kutafuta viti. Hata hawakumuulizia. Mkubwa wao aliniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, kuna msiba bondeni. Chukua kisu na kanga, tunakungoja wewe." Nikapika nao hadi alasiri, wakinicheka kwa ugali wangu wa kipwani, ati laini kama uji wa mgonjwa. Nilirudi mikono inauma, na sijui lini nilitembea na moyo mwepesi vile.

Kwa hiyo sirudi. Njoo wewe, ukae nasi hata miezi miwili, mkweo atakupokea stendi na hutahangaika kumtafuta kwenye umati.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, shangazi wa kwaya, na dada na kichanga chake. Mwambie kaka asiuze lile shamba la michungwa kabla hatujaongea.

Na neno hili lisikushtue, nimelifikiria sana kabla ya kuliandika: hata nikifa huku, Mama, watu wa kunizika ninao.

Mwanao akupendaye,
Rehema, mama Sayi