Mama, Nani Aliunguza Kichwa cha Gita Lako?

Mama,

Nimefunga duka mapema leo ili nikuandikie. Wateja wawili wamegonga wakitaka vyeti vyao vifunikwe kwa plastiki, nikanyamaza humu ndani kama mwizi. Watarudi kesho. Homa Bay hii ni nani mwingine atawafanyia bila mashine kuwaunguzia karatasi?

Ni karibu mwaka tangu tukuzike pale nyumbani Nyatike. Nimekuwa nikikusimulia mambo kichwani tu, nikiosha vyombo au nikipanga karatasi, lakini hili la juzi limenizidi. Nikimweleza mtu mwingine ataniona nimechanganyikiwa. Linahusu gita lako.

Kwanza nikiri. Nilikuwa sijalipiga. Mzee Ouko na wenzake wa bendi yenu walinipa nafasi yako ya kupiga gita la solo hata kabla matanga hayajaisha, nami nikakubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Lakini miezi yote hii nimepiga gita la kuazima. Lako lilikuwa kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni, na juu ya nailoni nimelifunga blanketi. Bendi nzima ilinisema. Walidhani nalionea choyo.

Haikuwa choyo, Mama. Ilikuwa lile baka kubwa la upande wa juu, pale rangi nyekundu imekwisha na mbao imebaki uchi. Nilikuwa nalifungua gita jioni nikishakula, naweka kiganja changu juu ya baka, nasema hapa ndipo mkono wa Mama ulipokaa miaka ishirini na tano. Nikaogopa kwamba nikilipiga, mkono wangu utakufuta. Nilishakupoteza mara moja. Sikutaka nikupoteze tena, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi mwenye gita la kuazima akalitaka gita lake. Anahamia Kisumu, hana kosa. Na tulikuwa na harambee ya kanisa Macalder, wiki mbili mbele, watu wetu walewale wa machimboni waliokuwa wakikungoja. Mzee Ouko hakunizungusha. Aliniambia kwenye simu, "Awuor, bila solo hii si bendi, ni kelele. Ukikosa gita, hii ndio ya mwisho, kila mtu aende kwake." Najua hakuwa ananitisha. Amezeeka na amechoka kuniomba.

Ndiyo nikaenda Migori, kwa kijana mmoja Mkuria anaitwa Mwita, anayeuza spika na vinanda karibu na stendi. Nikaingia, nikainua macho ukutani. Katikati ya magita mawili mapya kulikuwa na gita jekundu, na lina baka. Palepale. Shingo imekuwa nyeusi kwa jasho, vyuma vimeingia kutu kidogo, rangi imepasuka nyufa nyembamba kila mahali. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba mtu amevunja kabati langu.

Nikamuuliza swali ambalo wewe pia ungeuliza. Nilimuuliza kama mwenyewe alikufa, na kwao ni wapi, kwa sababu sitaki kupeleka kwangu kitu cha marehemu ambaye sijui nyumbani kwake.

Mwita akacheka. "Auntie, hii haijawahi kuwa na mwenyewe. Iko na miaka miwili tu. Walizeesha makusudi, huko ng'ambo. Ndugu yangu ndiye alituma."

Sikumwamini, akanionyesha cheti chake. Unajua vyeti ndiyo kazi yangu, Mama, nimefunika vya kila aina, lakini cheti cha kuthibitisha kwamba kitu kipya ni kikuukuu kilikuwa cha kwanza maishani. Mwita amefuatilia habari zake, akanieleza mwanzo hadi mwisho. Gita linatengenezwa zuri kabisa, linang'aa. Halafu linapelekwa kwa fundi mwingine. Huyo analipiga msasa pale mkono ungekaa. Analitia kwenye baridi kali ghafla ili rangi ipasuke. Analichapa na funguo. Vyuma anavifungia ndani ya chombo chenye dawa kali mpaka viingie kutu, na shingo anaipaka kitu kinachofanana na jasho la mikono.

Fikiria, Mama. Kuna mtu huko anaamka, anakunywa chai, anaenda kazini, na kazi yake ni kutengeneza uchovu wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Tena anaijua! Anajua kiwiko kinapita wapi, kidole gumba kinalala wapi, jasho likishuka linafuata njia gani. Niligeuza mgongo wa gita, nikakuta hata mikwaruzo ya chuma cha mshipi ameikumbuka. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Mtu aliyeangalia mikono ya wenzake kwa makini kiasi hicho, mimi namvulia kofia.

Na bei yake inalipita lile jipya la kando yake. Hapo ningekusikia, "Ai, yaani nilipe zaidi kwa sababu mwingine ameharibu?"

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Nikinunua hili, nikasimama nalo Macalder, watu wataona gita la Min Awuor, mama yake Awuor, na mimi peke yangu ndiye nitajua kwamba lako limelala kabatini na mkono wako uko salama. Nikamwambia Mwita aniwekee mpaka Ijumaa. Nilihisi nimepata dawa.

Ndipo akanigusia kichwa cha gita, pale ncha za nyuzi zinapotokeza. Kulikuwa na alama ndogo nyeusi ya kuungua. "Ona, hata hapa hawakusahau. Wapigaji wa zamani walikuwa wanachomeka sigara hapa, ndio mikono ikuwe free. Sasa fundi ameunguza kidogo ikae ni kama ya ukweli."

Mama, lako pia lina alama hiyo. Mahali pamoja, ukubwa mmoja. Nimeijua tangu nikiwa mdogo, na siku zote nilidhani ni ya taa ya mafuta.

Wewe? Wewe uliyefundisha watoto shule ya Sabato? Wewe uliyewaweka wachimbaji dhahabu wa Macalder vitini na tope miguuni, Jumamosi nzima ya mwisho wa mwezi, wote wakitazama jua kama wanavyomtazama refa, na gita lako limelala kwenye kiti cha pili hujaligusa kwa sababu Sabato haiishi mpaka jua lizame? Mmoja alikuwa akipiga kelele, "Min Awuor, jua imeingia!" Nawe unapima kwa mkono jua limebakiza kiasi gani kuzama, huna haraka hata chembe, unasema, "Bado kidole kimoja." Na hicho kidole kimoja wanakingoja kweli, wanaume wazima. Ndiye huyo huyo alikuwa akichomeka sigara kwenye gita?

Nilifika Homa Bay sijui nilivyofika. Nikalitoa kabatini, nikanusa kichwa cha gita kama mbwa wa polisi. Nilinusa mbao tu. Nikakaa kitandani nikakukasirikia, halafu nikacheka, halafu nikajiuliza ni mambo mangapi mengine sikukuuliza ulipokuwa jikoni hatua tatu kutoka nilipo.

Jumatano nikalibeba mpaka Mbita kwa Mzee Ouko. Unajua sasa anatengeneza injini za boti, besi anapiga tukiitwa tu. Nilimkuta ametandaza injini nzima kwenye gunia. Alipoona nimebeba nini aliosha mikono kwa sabuni mara mbili, akaikausha kwenye shati, ndipo akapokea. Nikamuuliza bila kuzunguka kama ulikuwa ukivuta.

Alicheka mpaka akakalia sanduku la spana. "Nyathina, mwanangu! Mama yako? Hata mimi nikiwasha alikuwa ananifukuza niende upande ingine ya upepo. Hiyo ni ya Mrefu."

Nikasikia jina hilo kwa mara ya kwanza maishani. Kumbe alikuwepo mtu, Mtanzania, aliyevuka mpaka wa Sirari na gita hili mgongoni, akapiga na nyinyi msimu mmoja pale Migori, mrefu hata mkimwita Mrefu inatosha. Alipoamua kurudi kwao akasema muziki basi, gita atamwachia mtu hapa. Wengi walilijaribu. Wewe peke yako, anasema Mzee Ouko, uliketi kwanza ukalipanga nyuzi kabla ya kupiga hata noti moja, na Mrefu akasema hakuna haja ya kutafuta tena.

Nikamwonyesha baka. Nilitaka tu anithibitishie.

"Hiyo pia ni yake," akasema. "Mama yako mkono haungefika hapo. Si alikuwa mfupi? Alikuwa anashika hivi." Akaliinua gita juu kifuani, karibu kidevuni, kiwiko kikaning'inia nyuma hewani. Na hapo nikakuona, Mama. Nikakuona kabisa. Ndivyo ulivyolishika, nimekuona hivyo utoto wangu wote, na hakuna siku nilijiuliza mkono ulio hewani unawezaje kumaliza rangi.

Karibu mwaka mzima nimekuwa nikipapasa mkono wa mwanaume wa Tanzania. Nililia nikicheka, sikujua kipi ni kipi. Mzee Ouko akarudi kwenye injini yake akajifanya anatafuta nati.

Nikamuuliza, sasa yeye yuko wapi? Nilimaanisha wewe. Alinielewa. Akaja, akaligeuza gita kifudifudi mapajani mwangu, akalielekeza kwenye mwanga wa ziwa.

"Angalia mgongo. Mrefu alikuwa na mshipi mbaya, chuma yake kama ya punda. Hii yote ilikuwa imekwaruzwa kabisa. Ungepitisha kucha, inakwama. Pitisha sasa."

Nilipitisha. Kucha haikukwama popote. Mikwaruzo ipo, inaonekana, lakini haina makali, imezama ndani ya mng'ao. Mgongo wote unang'aa. Akaniambia, "Mama yako hakuwahi kuvaa mshipi. Ni leso. Kila siku leso imefungwa hapa kifuani, na huyu mama alikuwa hatulii akipiga. Hiyo ndio yeye, adier, kweli kabisa."

Nimegeuza maneno tangu Jumatano na sijapata linalotosha. Nilikuwa nakutafuta mahali palipochubuka, kumbe kazi yako ilikuwa kulainisha. Miaka ishirini na tano ya kitambaa kikienda na kurudi juu ya makovu ya mtu mwingine, na wewe mwenyewe sidhani ulijua, ulikuwa unapiga tu. Yule fundi wa ng'ambo, na ujuzi wake wote ninaouheshimu, hili asingeliwaza. Na hata angeliwaza, ingebidi kwanza akwaruze, kisha avae leso, akae na gita robo ya maisha yake.

Ijumaa nikampigia Mwita nikamwambia amuuzie mwingine. Akasema nitajuta. Sijalidharau gita lake, sauti yake ni tamu, na atakayelinunua atalichakaza kwa ukweli juu ya uongo, mwisho wake hakuna atakayetofautisha. Lakini mimi nilitaka kulinunua ili kulitunza baka la Mrefu nikidhani ni wewe. Sababu imekwisha.

Jumapili nikasimama Macalder na gita lako. Nikavaa mkanda wa gita begani, nikaachia mkono uanguke wenyewe. Haukuangukia kwenye baka la Mrefu. Mimi si mrefu hivyo, na wewe nimekupita kwa kichwa. Uliangukia pembeni kidogo, mahali ambapo rangi bado ni nyekundu kabisa. Niliogopa. Nikaanza hivyo hivyo nikiogopa, nikakosea mwanzo, Mzee Ouko akanirudishia besi taratibu mpaka nikaipata. Tulipiga mpaka mfadhili mkuu akavua koti akacheza. Bendi ipo, Mama. Wametuita tena Rongo, na wengine Kendu Bay.

Kuna jambo moja la mwisho. Siku hizi navaa jinzi nikipiga. Nilipofika nyumbani nikaligeuza gita, na pale katikati, juu ya sehemu uliyoilainisha wewe, kifungo cha jinzi kimeacha mkwaruzo. Mpya, mwembamba, mrefu kama kiberiti. Nilipitisha kucha ikakwama. Niliumia sana. Nikafikiria kuanza kufunga leso kama wewe, nikakaa na wazo hilo usiku kucha, na asubuhi nikaliacha. Leso ilikuwa yako. Ningeifunga kwa ajili ya kulinda tu, na wewe hukulinda kitu, ulikuwa unacheza.

Basi pumzika, mama yangu mfupi. Nakuahidi nitakwenda popote watakaponiita, na nitalipiga gita hili nikiwa nimevaa nilivyovaa. Nitakukwaruza, Mama. Nisamehe, na unisikilize.

Ni mimi,
Awuor