Askofu na Soko Lililoungua

Jumatatu, 6 Mei
Sala ya asubuhi, chai ya rangi, kisha Shahe, soko la nguo la Wachina. Ukosi wa kipadri nimeuacha hotelini. Hapa mgeni haendeshi ibada bila kibali, nami nimeingia kama meya. Nimewaleta wafanyabiashara wawili wa mjini kwetu: Mama Roza mbele, Bi Zuhura nyuma, mimi katikati. Wananunua magauni ya watoto na fulana. Hawasemezani, ila mizigo yao itapanda kontena moja. Si jambo dogo. Miaka miwili iliyopita pande zao zilipigana mjini kwetu, soko likateketea. Baraza likakosa meya wa kukubalika na wote. Wakanijia mimi, askofu wao. Roma ikaniruhusu kwa muda.
Nimekuwa meya mzuri. Sioni haya kuandika hivyo.

Jumanne, 7 Mei
Balozi wa Baba Mtakatifu alipiga simu nikiwa kwenye ngazi za metro. Sauti ya upole, maneno mazito. Ruhusa yangu haitaongezwa. Niache umeya, au ning'atuke uaskofu. Anataka jibu kabla ya Jumapili. Nilimwambia soko jipya limefika kwenye lenta. Akasema masoko hujengwa na wengi. Kweli. Hata lile la zamani lilichomwa na wengi.
Nina hasira. Nimesali, bado nina hasira.

Jumatano, 8 Mei
Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya jumla. Ugomvi. Kontena halitoshi, marobota ya nani yabaki? Bi Zuhura akasema watu wa Mama Roza kila siku hutaka kuwa wa kwanza. Mama Roza akamjibu kuwa watu wake Zuhura ndio hodari wa kuwasha viberiti. Mbele ya wachukuzi! Laoban, mwenye duka, alijifanya anapanga hanga zake za nguo.
Nikaamua. Nusu kwa nusu, na yatakayobaki ya wote wawili yasafiri pamoja kontena lijalo. Nilisema kimeya, bila dua. Mama Roza akakaa juu ya robota. Nikadhani amesusa.
Akaanguka.

Alhamisi, 9 Mei
Hospitalini. Ni moyo. Daktari alizungumza kupitia simu yenye kutafsiri. Hali si nzuri, wanapambana.
Bi Zuhura hajaondoka tangu jana. Kiyoyozi ni kikali. Kanga yake mwenyewe amemfunika mwenzake miguu. Nilipotoa mafuta matakatifu aliinuka atupishe. Mama Roza akamshika mkono. Basi akabaki, uso kaugeuzia dirishani kwa heshima, nikampaka mgonjwa.
Baadaye Mama Roza akanong'ona, "Baba, nyumbani kuna uvumi kuwa unaacha umeya."
"Pumzika, mama."
"Mafuta haya padri yeyote angenipaka. Sisi wawili, nani mwingine angetupandisha ndege moja?"
Zuhura hakugeuka. "Hapo amesema kweli, Baba Askofu."
Sijawahi kuwasikia wakikubaliana jambo. Nilitoka nikalia kwenye korido. Naupenda uaskofu. Nilidhani nitazikwa nao.

Ijumaa, 10 Mei
Nimempigia Balozi. Nang'atuka uaskofu. Akaniuliza:
"Unajua kwamba hutaadhimisha misa hadharani muda wote ukiwa meya?"
"Najua."
"Watasema ulipenda madaraka."
"Nayapenda. Nimeyaona yakifanya kazi."
Hakucheka. Atafikisha Roma, majibu yatakuja kwa wakati wake. Aliniombea, na kwa moyo, nilisikia. Huzuni ipo. Shaka sina. Kama nimekosea, nimekosea macho yakiwa wazi.
Mama Roza ameanza kunywa uji. Zuhura anaulalamikia kwamba hauna sukari.

Jumapili, 12 Mei
Misa ya Kiingereza, kanisa kuu la mawe. Nimevaa shati la kawaida, benchi la nyuma, pembeni ya mama mmoja wa Nairobi aliyekuja na mifuko yake ya safari, ndege yake ni leo. Miaka mingi sijaiona misa kutoka huku. Migongo ya watu tu, na madhabahu mbali. Wakati wa mageuzo ya mkate na divai mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe, kana kwamba niko madhabahuni. Nikaurudisha mapajani. Nikapanga foleni ya komunyo. Padri, kijana wa Kichina, hakunijua. Alisema, "Mwili wa Kristo," nami nikasema, "Amina."
Alasiri nikapita hospitalini na machungwa. Mama Roza alikuwa usingizini, anapumua vizuri. Zuhura naye kasinzia kitini, kichwa kimeegemea ukingo wa kitanda. Sikuwaamsha. Nikavuta kiti kingine, nikakaa nao.