Kwa Mkia Wetu, Uliyefika Langoni Meza Ikiwa Imekunjwa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Kumekucha na ukungu mzito juu ya majabali. Bahari inasikika lakini haionekani. Upepo hakuna. Ungekuwepo ungesimama kizingitini, ungelamba kidole na kukiinua juu, kisha ungesema, "Leo shwari. Hata wavivu watafika."

Umetimia mwaka mmoja tangu utoke kwa mlango huu huu, kamba za viatu umezifunga mafundo mawili, kizibao cha njano kifuani, na usirudi.

Tunaandika kukukumbuka. Tunaandika pia kwa sababu mkeo ana jambo la kukiri kwako, na ameomba alikiri mbele ya watu. Mwaka mzima hakumwambia mtu ila Mungu. Wiki hii ametuambia sisi wa nyumbani, akalia, tukalia naye, tukakubaliana liandikwe hapa na libandikwe kwenye ubao wa klabu.

Walikuita Mkia. Wageni walidhani ni tusi, na wewe ukafurahi kupata nafasi ya kuwaeleza. Kila mwaka klabu inapokimbia ile njia ndefu, kuanzia mnara wa taa, ukingoni mwa majabali, kisha bara hadi mji wa kale wenye ukuta, na kuishia mji wa pili penye daraja la mawe, lazima mtu mmoja awe wa mwisho kwa makusudi. Huyo ndiye pekee avaaye kizibao cha njano, na hampiti mtu. Aliyeteguka anamshika mkono, aliyepotea anamrudia. Kazi hiyo uliifanya miaka kumi na tisa, na njia yenyewe uliitafuta wewe kwa miguu yako. Ulijua jiwe lipi linateleza umande ukianguka. Ulijua ni mbwa gani anabweka tu na ni yupi ana nia.

Pale langoni kwenye mji wa kale uliwaambia wakimbiaji wapya waweke kiganja kwenye ukuta. "Ukuta huu umeona wengi wakipita mbio," ulisema, "na wengi wao walikuwa wanakimbizwa. Ninyi mnakimbia kwa kupenda. Shukuruni, halafu mkanywe maji."

Kazini ulikuwa fundi saa. Dada yako hakuchoka kukutania kwa hilo. "Fundi saa gani huyu, kila mwaka anafika wa mwisho?"

Ukamjibu bila kuinua uso, kile kioo chako kimebana kwenye jicho: "Dada, mimi saa nazitengeneza. Kushindana nazo sijaahidi."

Yule bibi wa mtaa wa nyuma alikuletea saa yake ya ukutani mara sita. Kila mara uliifungua, ukaipuliza, ukamwambia ni kitu kidogo tu, akae anywe chai wakati unairekebisha. Saa ile haikuwa na tatizo. Wewe ulijua, na tunadhani hata bibi alijua. Sasa anapita mbele ya kibanda kilichofungwa akiwa ameikumbatia, anasimama kidogo, anaendelea na safari yake.

Mkeo alipotimiza miaka hamsini na mmoja ulimsukuma aende darasa la jioni la kusoma na kuandika. Alisema ataona aibu, magoti yake hayataingia chini ya dawati la watoto. "Yakikataa tutamwita seremala," ukasema. Yakaingia. Yeye aliomba dua kabla ya somo, kwa sauti ndogo, na wewe uliyekuwa umekaa ngazini nje ulimwitikia "Amina" kupitia dirishani, darasa zima likacheka. Wanafunzi wakatoka, mwalimu akafunga mlango, na wewe bado upo pale pale ngazini. Hukumwacha arudi peke yake hata siku moja. Barua hii ni kazi ya mkono ule uliousubiri.

Sasa lile jambo.

Wakimbiaji wanajua, ila wengine wasomao hapa huenda hawajui: langoni huwekwa meza ya maji, na mkeo ndiye mwenye meza. Sheria ni moja. Meza haikunjwi mpaka Mkia apite. Kila mwaka ulifika jasho likikutiririka, ukanywa kikombe kimoja, ukakifunika mezani, ukasema maneno yale yale: "Kunja, Bi Sindano. Nyuma yangu amebaki Mungu tu." Bi Sindano ni yeye, kwa sababu ya ushonaji wake. Alijifanya kukasirika. Kwa kweli mwaka mzima alikuwa akiyangoja maneno hayo.

Siku ile baharini palivuma upepo wa baridi. Wakimbiaji walifika langoni midomo imekauka, wakanywa, wakaondoka. Karibu saa tano hivi mkeo alikuwa ameinamia bomba la uwanjani akijaza ndoo. Alipoinua kichwa akaona kizibao cha njano kinakata kona ya mtaa wa chini. Mgongo tu.

Binti yenu alikuwa naye, akipanga vikombe. Akauliza, "Mama, huyo ni baba? Mbona hajasema kunja?"

"Ndiye. Ana haraka leo."

"Hajanywa hata maji. Tungoje kidogo."

"Nimemwona kwa macho yangu, mwanangu. Amenipita kama mgeni, na leo atanikuta nyumbani. Kunja."

Alikuwa ameumia moyoni, kidogo tu, kama mke aliyepitwa bila kusalimiwa. Kwa maumivu hayo madogo akakunja meza, wakapakia, wakaenda darajani kukungoja. Tayari alishajua atakachokwambia.

Hakuwa wewe. Alikuwa yule mwoka mikate, aliyekuwa akikimbia nasi kwa mara ya kwanza. Siku tatu baada ya mazishi alikuja nyumbani na kizibao chako kwenye mfuko wa karatasi. Amekifua, amekipiga pasi, kinanukia mkate. Alisimama mlangoni hataki kuketi.

"Mama, nilikuwa natetemeka kule juu," alisema. "Akanitoa hofu kwa utani wake. Akasema, 'Vaa hiki, usiniringie. Ukifa kwa baridi, kesho mji mzima utakosa mkate.' Nikamwambia twende pamoja. Akasema, 'Tangulia. Kuwa nyuma ndiyo kazi yangu.' Nilipofika langoni niliona aibu kuwa wa mwisho, nikapita upande wa pili wa barabara, kichwa chini. Sikujua, mama. Sikujua kile kizibao kina maana gani."

Mkeo alimshukuru, akamwombea heri, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akaingia chumbani, akapiga magoti, na huko ndiko alikokaa na siri hii mwaka mzima. Binti naye aliijua nusu yake na hakuthubutu kuuliza. Waliosha vyombo bega kwa bega jioni baada ya jioni, wakazungumza juu ya mvua, juu ya mafundi wa paa, juu ya kila kitu isipokuwa hicho.

Daktari alisema moyo ulisimama, na kwamba hata tungekuwepo huenda isingesaidia. Binti yako ni muuguzi. Uzito wa hilo neno "huenda" anaujua.

Mwezi uliopita mfagiaji wa mji wa kale alimsimamisha mkeo sokoni. Ndiye aliyekukuta. Alidhani tulishaambiwa yote siku ile.

"Alikuja polepole, mkono kifuani," akasema. "Akaangalia pale pembeni mwa lango, akaniuliza, 'Mzee mwenzangu, hapa hapakuwa na meza?' Nikamwambia ilikuwepo, wameikunja, wameshaondoka."

Mkeo akashika nguzo ya kibanda cha nyanya. "Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Basi Mungu ashukuriwe, wote wamepita salama.' Akakaa pale kwenye jiwe. Mimi nikaenda kumalizia ngazi. Niliporudi nikadhani amesinzia."

"Hakuomba maji?"

"Hapana, mama. Maji hakuomba."

Hayo ndiyo yaliyomvunja mkeo. Angeweza kuvumilia kama ungekasirika. Ungenung'unika tu, kama ulivyonung'unika chumvi ikizidi, angekuwa na neno la kushika. Lakini wewe uliona pale mahali patupu, pamelowa maji tuliyomwaga, ukashukuru. Uliiamini meza yake kuliko ilivyostahili kuaminiwa. Kwako, ikiwa Bi Sindano amekunja, basi hakuna aliyebaki. Na wewe ulikuwa umebaki.

Mume wangu, anasema mkeo, nisamehe. Watu wote uliwangoja mpaka mwisho, na mimi niliyengojwa kuliko wote sikukungoja.

Alfajiri zote za mwaka huu amemwomba Mungu jambo moja tu: kwamba ulichokuwa ukisema kila mwaka kwa mzaha kiwe kweli siku ile. Kwamba nyuma yako alikuwepo, pale kwenye jiwe, mfagiaji alipokuwa ngazini. Anaamini alikuwepo. Baadhi ya siku anaamini kwa nguvu zaidi kuliko siku nyingine.

Kibanda chako hatujakigusa. Saa saba zimo bado, na kila moja imesimama kwa wakati wake. Viatu vyako vya mbio viko chini ya kitanda upande wako. Dada yako hana wa kumtania. Juzi alianza mzaha mezani, akaukatiza katikati, akavuta sahani yake.

Klabu ilitaka kuiacha njia ya majabali. Binti yako alikataa. Mwezi mzima hakuna aliyethubutu kukiomba kizibao, basi jana amekitoa mwenyewe kwenye ule mfuko wa karatasi, akakivaa mbele ya kioo. Kinampwaya mabegani. Leo yeye ndiye Mkia. Mwoka mikate ameomba akimbie wa pili kutoka mwisho, karibu naye, wala hatukumuuliza kwa nini.

Kabla wakimbiaji hawajaenda mnarani walipitia langoni kulipokuwa bado na giza la ukungu. Meza ilikuwa imeshatandikwa, miguu yake minne juu ya mawe yale yale, karibu na jiwe ulilokalia. Tunaokukumbuka ni sisi tuliosimama pale: mkeo, binti yako aliyevaa kizibao chako, dada yako mkubwa aliyekulea mgongoni, pamoja na mwoka mikate, mfagiaji, bibi mwenye saa yake mikononi, na wakimbiaji arobaini na wawili. Kila meza ya maji itakapowekwa mahali popote, tutakuwa tunakuwaza wewe.

Mkeo aliomba dua fupi. Sote tukaitikia amina. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akamtazama binti yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mtaa wa chini:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi, sitakunja meza hii tena kwa kuona mgongo wa mtu. Nitakaa hapa mpaka nimwone uso yule wa mwisho, nimpe maji kwa mkono wangu, na nimsikie akinywa."