Kabati Limebaki Tupu

Fancy,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Fungia kuku.

Ukirekodi leo usikie sauti yako inajirudia kama uko ndani ya tangi, usilaumu maiki. Shangazi zako walikuja asubuhi kugawana nguo za marehemu baba yako, vile desturi inataka. Makoti yaliyokuwa yakimeza mwangwi ukiimba ndani ya kabati, wameenda nayo yote. Niliwapa chai bila sukari.

~~Leo usiimbe.~~ Imba, lakini tundika blanketi.

Koti la kijani nilikataa nalo. Liko kitandani kwangu. Litundike pia, si baba yako alizoea kusema unayapigia makoti yake kelele? Ukimaliza, lirudishe kitandani. Upande wake.

Mama