Mimi Nilizaa Washirika?

Kasongo

Yaya Célestin,

Huku tuko, Mungu anatulinda. Mama amepata nguvu, jana alitwanga majani ya sombe mwenyewe. Mupunga umeiva, lakini mashine ya kukoboa tuliyonunua sisi wawili iko kimya tangu ulipoipiga kufuli ukarudi Kabambare.

Tribinali mpya ya mambo ya biashara imefunguliwa hapa. Nimepeleka shauri letu kule, maana katika vikao vya ukoo mukubwa ndiye anayeshinda siku zote. Sasa naogopa. Avoka atakayenitetea anasema juge wa tribinali ataniuliza wewe ni nani kwangu. Nikijibu “ni yaya yangu, kaka yangu mukubwa”, watatufukuza, watasema hayo ni mambo ya nyumbani. Nikijibu “ni mushirika wangu”, watasikiliza.

Nimekuwa nikijizoeza kulisema neno hilo peke yangu chumbani. Leo asubuhi Mama alinisikia, akasimama mlangoni.

“Mushirika? Mimi nilizaa washirika?”

Nilichukua karatasi, nikaanza kukuandikia.

Tribinali imetuita Jumatatu. Yaya, nakuomba, lete ufunguo kabla sijalisema neno hilo mbele ya watu.

Ni mimi mudogo wako, wa tumbo moja,

Estelle