Mwendo wa Baba

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu, wewe na wanao. Mimi mzima, ila kupiga pasi kwa dobi kumenifanya niishi kama mtu aliye mawinguni. Mvuke ukitanda, nayaona mashati yakiondoka yenyewe na kwenda matembezini.

Asubuhi ndipo ninapokwenda chuoni kusomea katuni. Juzi mwalimu alitutaka tuchore mtu akitembea, mchoro baada ya mchoro, mpaka awe hai. Wangu alikuwa mzee anayetanguliza bega na kurusha mkono mmoja, kama anayemuwahi mtu amsalimu.

Mwalimu alicheka. "Huyu mzee ana maringo! Umemtoa wapi?"

"Nimemzaa mwenyewe," nikajibu, darasa zima likaangua kicheko. Kisha nikatoka nje, nikalia.

Dada, uliponiambia daktari amesema Baba hatasimama tena, nilinyamaza kwenye simu. Usidhani sikusikia.

Nimekutumia hiyo katuni kwenye simu. Kaa naye karibu, umwoneshe. Akiuliza huyo ni nani, mwambie ajitazame vizuri. Akinyamaza, irudie tangu mwanzo, na uirudie tena, mpaka aseme neno.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu