Dakika Mbili za Kupoza Turbo

Mpendwa wifi yangu Paskalina,

Neema anakuamkia. Amepanda kwenye benchi, ananivuta mkono: "Mama, mwandikie shangazi shikamoo." Basi nimeiandika. Sasa amechukua mwiko, ameusimamisha katikati ya magoti, anapiga gia. Moja, mbili, tatu, na kila gia anakaza mdomo kama wewe. Hajanifuata mimi hata kidogo. Hapo pia nimekuonea wivu, nakwambia mapema.

Unakumbuka siku kaka yako alipolileta lile gari kutoka Arusha? Mkoa wetu ulikuwa ndio kwanza umemegwa kutoka Arusha hiyo hiyo, na sisi wa Masakta tulizoea malori ya ngano. Kikaingia kidude chekundu, kifupi. Yule mzee jirani akakizunguka na fimbo yake, akauliza, "Hili litakua, au ndiyo limefika hapo?" Tulicheka mpaka Neema akaamka. Kaka yako akafungua boneti. "Injini ndogo, mzee, lakini ina turbo ya kuiongezea nguvu. Likipanda mlima linapiga mluzi." Kisha akatutazama, mimi na wewe tumesimama pamoja, akakurushia wewe ufunguo.

"Njoo ujaribu klachi."

Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeniuliza.

Tumezaliwa mwaka mmoja, wifi. Wewe ulifika kidato cha nne, mimi niliishia la saba. Hilo nilishalikubali. Kiti cha mbele ndicho sikukikubali. Siku za mnada wa Getanuwas mliondoka wawili na maboksi ya dawa za mifugo za kuuza. Jumapili tukienda kanisani mimi nilikaa nyuma na mtoto na kikapu, naangalia visogo vyenu. Kaka yako akisema, "Sasa, teremsha," wewe unateremsha gia bila kutazama chini, na gari linaitika. Mimi, huyo huyo kaka yako, baba Neema, nilikuwa namwita mara tatu ndipo aitike.

Na zile dakika mbili! Jioni nikisikia mluzi pale kilimani napakua ugali. Mnaingia uani, gari linasimama, lakini hamshuki. Injini inanguruma polepole, nyinyi ndani mnaongea, mnacheka. Nikiuliza, naambiwa, "Turbo inapoa, mama Neema. Halizimwi likiwa moto." Mimi nimesimama mlangoni, mtoto analia, ugali unapoa nao. Nikasema moyoni, gari gani hili la kudekezwa kuliko mtoto? Tena nikaamini mnanisema mimi.

Sasa nakuandikia nilichokifanya. Siku mkiwa na mizigo mingi mlishuka mapema, injini inaendelea, mnaniambia, "Mama Neema, subiri kidogo ndipo ukazime." Mlipogeuza tu migongo na maboksi, nilizungusha ufunguo. Kimya. Nikaona raha. Nilirudia mara nyingi, wifi, siwezi kuzihesabu. Sikujua linaumia. Nilitaka tu likose kitu kimoja.

Siku moja ulirudi kuchukua sweta yako ukalikuta limezimwa, chuma ndani kinalia tik, tik, tik. Ukaweka kiganja juu ya boneti. Ukanitazama. Ukachukua sweta ukaenda.

Halafu ukaja moshi wa bluu. Mluzi ukawa kilio, na kilimani likawa linapitwa na baiskeli. Fundi wa Katesh akafungua akatikisa kichwa. "Hili mmelizima likiwa moto. Turbo bado inazunguka, oili imesimama. Nani anaendesha?" Kaka yako akageuka kwako, mbele ya watu wote pale gereji.

"Ni wewe, Paskalina?"

Uliniangalia. Neema alikuwa amelala mgongoni kwangu. Ukasema, "Labda ni mimi."

Akakunyang'anya ufunguo. Wiki haikuisha ukapanda basi la Singida, ukauze dukani kwa shangazi yenu. Pale stendi ulinishika bega ukasema, "Wifi, ukizima, liache lipumue kwanza." Hapo nikajua kwamba unajua. Unafikiri wivu uliisha? Uliongezeka. Nilikuonea wivu hata kwa kunyamaza kule, maana mimi nisingeweza.

Gari lilipona, lilipata turbo nyingine. Na kiti cha mbele nilikipata. Kumbe kina baridi. Tunafika nyumbani, kaka yako anaacha injini ikinguruma, tunakaa dakika mbili tunaangalia ukuta wa zizi. Siku moja alisema, "Kile kilima Paskalina angekipanda na gia ya tatu." Nikageuzia uso dirishani nikalia, akadhani ni vumbi.

Jumapili iliyopita, katika dakika hizo hizo, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Hakuzima. Alikaa mpaka Neema akatoka nje kutuchungulia. Ndipo akazima, akachomoa ufunguo, akauweka mapajani mwangu.

"Ni wa wifi yako huyo. Mwandikie arudi. Na wewe ukitaka kujifunza, usiniombe mimi. Muombe yeye."

Nilikaa siku tatu bila kuandika. Kukuomba msamaha ningeweza hata jana. Kukuomba unifundishe, hapo ndipo peni ilipogoma.

Basi nakuomba yote mawili. Nilimwacha kaka yako akuaibishe kwa kosa langu, nisamehe. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu, nakutunzia. Rudi uniweke kwenye usukani, unitukane nikikosea klachi, nistahimili. Sikuahidi kwamba wivu umeisha. Nikikuona unateremsha gia bila kutazama, najua utanichoma tena.

Lakini tukirudi mnadani, mimi na wewe, sitazima haraka. Tutakaa humo ndani injini inanguruma, tuongee, tucheke. Baba Neema asimame mlangoni na mtoto wake, ugali unapoa, ajiulize tunamsema nani.

Nakusubiri na ufunguo wako,

Wifi yako,
Mama Neema